Picha Si Yako, Bidhaa Huna: Amri ya Saba katika Biashara ya Mtandaoni



Katika semina za vijana, na hata katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, swali moja limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali: je, ni dhambi kuchukua picha ya mtu mwingine mtandaoni na kuitumia katika biashara, ilhali mwenye picha bado anayo picha yake? Anayeuliza mara nyingi si mwizi kwa maana tuliyoizoea. Ni kijana wa Kahama anayeuza simu zilizotumika. Ni mama wa Katoro anayeuza vitenge kupitia kundi la WhatsApp. Ni fundi seremala wa Shinyanga mjini ambaye hajapata bado mbao za kutengenezea kitanda cha mfano. Mtaji wa kununua bidhaa kwanza hana. Alicho nacho ni kifurushi cha intaneti na picha alizozikuta. Swali lake ni la dhati, nalo linastahili jibu lililo pana kuliko “ndiyo” au “hapana”.

Makala hii itaanza mbali kidogo, kwenye sarafu za kale, kwa sababu huko kosa lenyewe linaonekana waziwazi kuliko kwenye vitenge na simu.

Tembo wa Tabora

Neno “hela” tunalolitumia kila siku, hata sokoni Kambarage, limetokana na sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Heller. Ilianza kutumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, rupia moja ikigawanywa katika hela 100. Kabla ya hapo rupia hiyo iligawanywa katika pesa 64, na ndiyo maana hadi leo tunasema “pesa” na “hela” kana kwamba ni kitu kimoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, koloni lilizingirwa baharini na Waingereza, sarafu mpya zisiweze kufika kutoka Ulaya. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kutengeneza sarafu zao wenyewe huko Tabora, katika karakana ya reli: hela za shaba nyeupe na nyekundu zilizofuliwa kwa haraka na, cha kushangaza zaidi, sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu hiyo ilitoka katika mgodi wa Sekenke, Iramba, katika mkoa wa Singida wa leo. Upande mmoja una tai wa Kijerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Zilifuliwa sarafu 16,198 tu, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, kisha mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora.

Kwa uchache huo na kwa historia hiyo, tembo wa Tabora hutafutwa na wakusanyaji wa sarafu ulimwenguni kote, na bei yake hufikia maelfu ya dola za Marekani. Mkusanyaji anayeimiliki huipiga picha kwa uangalifu. Huiweka kwenye mwanga unaotoka pembeni ili michoro ionekane, huipiga pande zote mbili, huipima kwa mizani ndogo, huandika uzito na kipenyo chake, kisha huiweka wazi ili wenzake wajifunze. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Haina siri wala uchoyo. Ni namna ya kushirikishana elimu.

Hapo ndipo anapoingia muuzaji asiye na sarafu. Huipakua picha ile, hukata sehemu yenye jina la mwenyewe, huibandika katika ukurasa wake pamoja na namba ya simu na maneno ya kuvutia, kisha husubiri. Anayepiga simu huombwa kianzio “ili mzigo usichukuliwe na mwingine”. Akishatuma, mambo huishia njia moja kati ya mbili: ama simu haipatikani tena, ama anatumiwa kipande cha shaba kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ulimwenguni kuna nakala nyingi sana za sarafu hii, na aliyeitazama katika kioo cha simu pekee hawezi kuzitofautisha na ya kweli.

Wakusanyaji wenyewe wana njia ya kumgundua mwongo, nayo inafundisha jambo kubwa. Sarafu iliyotembea mikononi mwa watu kwa miaka zaidi ya mia moja ina mikwaruzo yake: mmoja karibu na sikio la tembo, mwingine pembeni mwa tarakimu, ukingo ulioliwa kidogo. Hakuna sarafu mbili zenye mikwaruzo ileile. Basi picha mbili zenye mkwaruzo uleule, kwa wauzaji wawili, katika miji miwili, ni ushahidi kwamba angalau mmoja wao anauza kitu asichokuwa nacho. Picha ina alama zake kama kidole.

Huku kwetu jambo hili lina sumu ya ziada. Habari za “mali ya Mjerumani” hazijawahi kuisha Usukumani na katika maeneo ya migodi: sanduku lililofukiwa chini ya mbuyu, rupia yenye nguvu zisizo za kawaida, mnunuzi tajiri anayesubiri Dar es Salaam. Picha safi ya sarafu halisi, iliyochukuliwa kwa mkusanyaji wa mbali, ndiyo inayoipa hadithi hiyo uso wa kweli. Mzee aliyeuza ng’ombe wawili ili achangie safari ya kuifuata rupia hakudanganywa kwa maneno matupu, kwani alionyeshwa picha. (Kuhusu kuamini kwamba kipande cha madini kina nguvu za kuleta utajiri, hilo linaangukia amri ya kwanza, nasi tunaliacha kwa siku nyingine.)

Dhahabu katika kioo cha simu

Kutoka kwenye sarafu hadi kwenye dhahabu yenyewe si mbali. Mchimbaji mdogo anayetoka kwenye duara baada ya wiki za kazi, akasaga mawe kwenye karasha, akaosha kwenye mwalo na hatimaye akapata kipande chake, hupenda kukipiga picha kikiwa kiganjani. Ni furaha halali. Humtumia mke wake, humtumia ndugu yake, wakati mwingine hukiweka katika hali yake ya WhatsApp. Saa chache baadaye kiganja kile kinaweza kuwa katika ukurasa wa mtu asiyemjua, kikitangaza dhahabu ya bei nafuu “kutoka Geita moja kwa moja”.

Waamini wafahamu kwamba biashara hiyo ina kasoro hata kabla hatujafika kwenye picha. Tangu mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, la Geita likifunguliwa mwezi Machi mwaka huo, na mengine yakafuata katika mikoa ya wachimbaji, Shinyanga na Kahama zikiwamo. Humo dhahabu hupimwa uzito na usafi wake mbele ya muuzaji na mnunuzi, mrabaha hulipwa, na wanunuzi ni wale wenye leseni za Tume ya Madini, yaani madila na mabroka. Mtu anayekuonyesha picha ya tofali la dhahabu kwa simu na kukutaka utume fedha kwa namba ya binafsi anakualika nje ya mfumo huo. Hata kama dhahabu ingekuwepo, ungekuwa unanunua matatizo.

Lakini turudi kwa mchimbaji na kiganja chake. Amepoteza nini? Dhahabu yake ameiuza sokoni, fedha amepata, picha bado iko katika simu yake. Swali la vijana wetu liko hapohapo, na jibu lake linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya.

Amri mbili katika tendo moja

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inaueleza wizi kuwa ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha matakwa yake yaliyo ya haki. Watu wengi husikia neno “mali” na kufikiri juu ya ng’ombe, baiskeli au fedha. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yamekwenda mbali zaidi. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliifunga haki ya kumiliki na jasho la mfanyakazi: mali ni kazi ya mtu iliyobadilika sura. Miaka 100 baadaye, mwaka 1991, Mtakatifu Yohane Paulo II katika Centesimus Annus aliongeza kwamba katika nyakati zetu kuna umiliki wa aina nyingine wenye uzito usio pungufu ya ule wa ardhi, nao ni umiliki wa ujuzi, teknolojia na maarifa. Picha nzuri ya bidhaa ni matunda ya kazi na ujuzi. Aliyeipiga alinunua kamera au simu, alijifunza kutumia mwanga, alitumia muda wake. Anayeitumia kujipatia faida bila ruhusa anavuna alipopanda mwingine, na hoja kwamba shamba bado lipo haimwondolei mavuno aliyoyabeba.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba Kanisa halifundishi umiliki usio na mipaka. Katekisimu hiyohiyo, katika namba 2403, inakumbusha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya wanadamu wote. Mwalimu wa sekondari anayewaonyesha wanafunzi wake picha ya sarafu ya Tabora akitaja alikoipata hamwibii mtu, na sheria ya nchi pia inaruhusu matumizi ya namna hiyo kwa elimu. Katekista anayeonyesha picha ya kanisa la Bujora darasani hana sababu ya kuogopa. Jambo linabadilika pale picha inapogeuzwa chombo cha kuingiza fedha, na zaidi pale jina la mwenyewe linapofutwa kwa makusudi. Anayefuta jina anajua anachofanya. Mkono wake umekwisha kuungama kabla ya mdomo.

Hiyo ni amri ya saba. Amri ya nane ni nzito zaidi katika suala hili, na kwa maoni yetu ndiyo inayosahaulika. Picha katika tangazo la biashara si pambo. Ni kauli. Inamwambia mnunuzi: “Kitu hiki ninacho, nacho kiko hivi.” Kama huna kitu hicho, au ulicho nacho hakiko hivyo, umesema uongo bila kutamka neno, kwa kuwa uongo, kama Katekisimu inavyofundisha katika namba 2482, ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya. Manabii waliujua uongo wa aina hii. Amosi, katika sura ya 8, anawashutumu wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaoongeza uzito wa jiwe la mizani na kuuza hata makapi ya ngano. Mizani ya siku zile ndiyo picha ya siku zetu: ni kile ambacho mnunuzi hana budi kukiamini kwa sababu hana njia nyingine ya kujua.

Tendo moja basi linaumiza watu zaidi ya mmoja. Mnunuzi anapoteza fedha. Mwenye picha anapoteza matunda ya kazi yake na, mara nyingine, jina lake jema. Hutokea kwamba aliyetapeliwa anaitafuta picha mtandaoni, anafika kwenye ukurasa wa mkusanyaji au mchimbaji wa kweli, na kumwita yeye tapeli mbele ya watu. Halafu yupo mfanyabiashara mwaminifu wa Kahama au Geita, mwenye bidhaa mkononi na picha isiyovutia sana kwa sababu aliipiga mwenyewe dukani penye giza. Wateja wake wamekwisha kuumwa na nyoka, sasa wanaogopa hata unyasi. Huyu wa mwisho hakuna anayemhesabu, ingawa ndiye anayefunga duka.

Na winga je?

Hapa wengine wamepanda sauti katika semina, na wana haki. Biashara ya “winga” imewapa riziki vijana wengi: huna duka, unachukua picha za bidhaa za mwenye duka, unamtafuta mteja, unachukua tofauti ya bei. Je, nayo ni wizi?

Hapana, ikiwa mambo mawili yapo. La kwanza ni kwamba mwenye duka anajua na ameridhia. Kariakoo wenye maduka wengi huwatumia mawinga picha wenyewe, maana ni faida kwa pande zote mbili. La pili ni kwamba mnunuzi hadanganywi katika jambo linalogusa uamuzi wake: bidhaa ipo, ni ileile inayoonekana, na ikitokea haifanani na picha kuna mtu wa kuirudishia. Winga wa namna hii ni dalali, na udalali ni kazi ya heshima tangu zamani. Picha za kiwandani za simu mpya au pikipiki mpya nazo hazina neno, mradi isemwe kwamba ni picha ya mfano na hali halisi ya bidhaa ielezwe. Tatizo linaanza pale simu iliyopasuka kioo inapouzwa kwa picha ya simu mpya, au pale kitanda cha fundi wa Arusha kinapotangazwa kuwa “kazi yetu” na fundi ambaye hajawahi kutengeneza kitanda cha namna ile. Mteja anakuja kuona mlango wa karakana, amekwisha kulipa nusu.

Tuongeze neno moja kuhusu vitu vya asili vya Kisukuma. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yalianzishwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada aliyefika huko katika miaka ya 1950, akikusanya ngoma, viti vya watemi, zana za waganga na mavazi ya wachezaji. Vitu vile vilikabidhiwa kwa imani, na familia na wazee waliotaka watoto wao wavione. Kila mwaka wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma iliyoungana na Sherehe ya Ekaristi Takatifu, wageni hupiga picha kwa mamia. Mtu anayechukua picha ya ngoma ya kitemi na kuitangaza kama “kitu cha kale kinachouzwa” anamdanganya mnunuzi wa ng’ambo na, papo hapo, anaitia doa jamii iliyoitunza ngoma ile, kana kwamba urithi wao uko mnadani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja picha za kamera miongoni mwa kazi zinazolindwa. Ulinzi huo huanza mara kazi inapoundwa. Haulazimu usajili, wala kuandika alama yoyote juu ya picha. Wanaosema “haikuwa na jina, kwa hiyo ni ya wote” wamekosea. Mpigaji ana haki ya kuamua matumizi ya kibiashara ya picha yake na ana haki ya kutajwa. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo picha ya mkusanyaji wa Ujerumani au Marekani inalindwa hapa kama ya mpigapicha wa Geita. Ofisi inayosimamia mambo haya ni COSOTA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na pia ukiukaji wa hakimiliki mtandaoni, wakati kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu tangu zamani.

Pale picha inapoonyesha sura ya mtu, kuna sheria nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Tunaitaja kwa sababu iliyo karibu sana na maisha ya parokia zetu. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza, katika gauni lake jeupe na mshumaa mkononi, hupigwa picha na wapigapicha wengi siku ile. Mzazi anayekuja kuikuta sura ya binti yake katika tangazo la kukodisha magauni, ambalo hakuwahi kuombwa ruhusa, hana sababu ya kunyamaza eti kwa kuwa picha “imependeza”. Na tukiwa wakweli, baadhi ya lawama ni zetu wenyewe. Kwaya hutoa kanda zenye picha za jalada zilizookotwa. Matangazo ya harambee hubeba picha za watoto wasiojulikana wa nchi nyingine. Kurasa za mitandao za parokia huchukua picha za magazeti bila kutaja. Dawati la mawasiliano linaloandika makala hii limewahi kufanya hivyo na linajirekebisha.

Kama umefanya, au kama umefanyiwa

Aliyetapeliwa asifute chochote kwa hasira. Ahifadhi picha ya skrini ya tangazo lenye jina la ukurasa, mazungumzo yote, namba ya simu na ujumbe wa muamala. Awasiliane mara moja na mtandao wa simu alioutumia kutuma fedha, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zenye matumaini ya kuzuia fedha hizo. Aripoti namba ya tapeli kupitia 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Kisha afike kituo cha polisi. Kwa anayetaka kununua, programu za kutafuta kwa picha, kama Google Lens, humwonyesha ndani ya sekunde chache mahali pengine picha ileile ilikotumika. Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji hata programu: mwombe muuzaji apige picha mpya ya bidhaa ileile ikiwa na karatasi pembeni yenye tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye bidhaa hulifanya hilo kwa dakika mbili. Asiye nayo hukasirika. Siku hizi zipo picha zinazoundwa na akili mnemba, kwa hiyo kwa kitu cha thamani hata karatasi haitoshi. Nenda ukakione, au umtume ndugu unayemwamini.

Aliyefanya naye ana njia. Katika Sakramenti ya Kitubio dhambi husamehewa kweli, lakini namba 1459 ya Katekisimu inafundisha kwamba madhara yaliyotendwa hayana budi kurekebishwa kadiri inavyowezekana: kurudisha kilichoibwa, kurejesha jina lililochafuliwa. Ndiyo sababu Zakayo hakuishia kusema anajuta, alitaja kiasi. Kwa aliyetumia picha tu, huku bidhaa yake ikiwa halali na wateja wakiridhika, kurekebisha kunaweza kuwa kuondoa picha, kumwandikia mwenyewe na kumwomba radhi, na kumlipa ikiwa faida iliyopatikana ilitokana hasa na picha ile. Wengi hujibu kwa upole kuliko tunavyotarajia. Mkusanyaji wa sarafu anayeombwa ruhusa mara nyingi huitoa bure na hufurahi kutajwa. Kwa aliyechukua kianzio kwa kitu asichokuwa nacho, hakuna njia ya mkato: fedha yote irudi kwa mwenyewe. Na uzito wa kosa haupimwi kwa kiasi peke yake, bali pia kwa aliyenyang’anywa. Shilingi 15,000 kwa tajiri ni vocha. Kwa kibarua wa kubeba kifusi Nyarugusu ni chakula cha nyumba.

Asipojulikana kabisa mwenye fedha alipo, mafundisho ya maadili ya Kanisa yanaelekeza kiasi hicho kiende kwa maskini, kwa sababu mkosaji hana haki ya kukibakiza kwake kama faida. Asiyekuwa na uwezo wa kulipa mara moja anaweza kulipa kidogo kidogo, na asiyejua aanzie wapi azungumze na padre. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote; padre hatakupeleka polisi, wala hatawaambia jumuiya. Atakuuliza, pengine, swali lilelile la mkusanyaji wa sarafu: kitu unachokitangaza, kiko wapi?